Mistari Kumi na Moja

Babu Mgaya aliletwa Pongwe kukata mkonge,
kipande mfukoni, siku thelathini za kutiwa alama,
na siku aliyougua haikuwa siku.
Mimi nina kaunta buku ya kwaya mbili,
jalada lake mwanangu kalifanyia tiara.
Ukurasa wa kwanza: pingili mia mbili na ishirini, Dodoma.
Nauli ya gunia sawa na nauli ya mtu,
maana lilikaa kitini, limeloweshwa, likanilowesha.

Nguzo sikununua. Milingoti ya mkonge imejaa,
ile inayochomoza mmea ukishachoka kuishi,
mirefu, myepesi, mchwa wanaijua.
Nikaichovya miguu kwenye oili chafu ya gereji ya Kange.
Waya nilikopa.
Hapo ndipo Leokadia aliponiuliza mezani, bila kuinua macho,
"Riba asilimia ngapi?"
Nikaomba chumvi.

Bwana shamba Shekighenda alikuja na pikipiki,
akaionja hewa kama mtu anayeonja mchuzi:
"Hapa hata upepo una maji.
Mzabibu unataka koo likauke."
Akacheka. Akanionyesha hata hivyo
pa kukata: bakiza macho mawili, usione huruma.
Miti ikatiririka usiku kucha kwenye vidonda,
asubuhi ardhi chini yake imelowa,
nami nikadhani nimeua.

Mwezi wa nne ubwiri unga ukaingia,
majani kama yamelala mashineni.
Salfa, mfuko mmoja. Salfa, mfuko wa pili.
Neno hilo limo daftarini mara tisa,
mwandiko ukizidi kuharibika.

Na maji ya kuchanganyia?
Kisima kisichokauka ni cha Bi Mwanakheri.
Nilikwenda na ndoo na maneno niliyoyapanga njiani.
Akanikatiza: "Maji yangu ni ya mti.
Yatakayofuata ni yako na Mola wako."
Basi mstari wa kumi na moja, ulio upande wa ua wake,
nikauacha wa kula.
Wajukuu zake waliujua kabla sijautangaza.

Kilo mia tatu na nne.
Niliandika, nikafuta, nikapima tena.
Tukaziponda kwa mikono, Leokadia kavua pete
na kaiweka kwenye kisosi mbali na beseni,
kama kwamba zabibu zingeiomba.
Madumu saba yakaanza kuchemka bila moto,
yakinong'ona chumba cha nyuma kama wapangaji
wanaojua kodi imepita tarehe.

Sita yakatulia.
La saba mfuniko ulikaa upande, hewa ikaingia.
Nikaonja, uso ukakunjana wenyewe.
Nikalitoa uani nilimwage
na harufu ikaruka ua kabla yangu.
Bi Mwanakheri akatokeza kichwa:
"Hiyo ni siki. Wauzaje?"
Dada yake hutengeneza achari ya ndimu Ngamiani.
Akalichukua dumu zima, akalipa taslimu,
wiki ile ile akarudi kuuliza
kama nina mpango wa kuharibu jingine.

Yale sita bado yapo.
Leseni ina dirisha lake, stempu ina dirisha lake,
na karani wa dirisha la tatu amekwenda msibani.
Chupa zitatoka Dar nikipata za kuzilipia.

Hesabu ya mwaka: pungufu laki mbili na themanini.
Leokadia kaipigia mstari mara mbili,
halafu chini yake, kwa penseli ya mtoto, kaandika:
"Siki. Faida."
Hakuniambia. Nilikuta tu.

Kesho tunapogoa. Mkasi nimeunoa,
makovu ya mwaka jana nayajua kwa kidole.
Macho mawili. Usione huruma.
Mjukuu mdogo wa Bi Mwanakheri ameshapanda ua,
mdomo wa zambarau wa msimu uliopita umemtoka,
anataka kujua
kama na ule mstari wao
nao utalia.